Ndege Iliyoanguka Ndola: Walioona Walikuwepo, Wa Kuwauliza Ndio Walikosekana

Na mwalimu wa kujitolea, shule ya msingi hapa kambini

Safari hii mhariri amenipa nafasi kubwa kuliko kawaida, basi naomba mnivumilie, maana hadithi yangu ni ndefu na mwisho wake haujapatikana mpaka leo. Siyo hadithi ya kutunga. Ni habari ya ndege iliyoanguka usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 karibu na mji wa Ndola, nchi ambayo leo inaitwa Zambia. Ndani yake alikuwemo mkubwa wa Umoja wa Mataifa, na safari yenyewe ilikuwa kwa ajili ya Kongo yetu.

Niliipataje? Kwa karanga. Nilinunua karanga za kukaanga sokoni, zikafungwa kwenye kipande cha gazeti kuukuu. Nilipomaliza karanga nikasoma karatasi, ndiyo tabia yetu sisi walimu. Iliandikwa kwamba Jaji Mkuu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman, amepewa kazi na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 kuchunguza kifo cha Dag Hammarskjöld. Nikashangaa. Mtu aliyekufa 1961 anachunguzwa miaka zaidi ya 50 baadaye? Nikageuza karatasi nione mwisho wa habari, kumbe imechanika.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilisoma kwenye simu za marafiki, niliazima vitabu, nikajaza daftari zima. Halafu nikaandika kurasa nne, nikazibandika kwenye ubao wa matangazo wa shule. Jamani, hakuna aliyesoma! Wanafunzi waliniambia, "Mwalimu, ni ndefu." Upepo ukachukua ukurasa wa tatu. Siku ya mgao nikabeba zilizobaki, nikawasomea kwa sauti watu waliokuwa foleni pamoja nami, maana foleni haina pa kukimbilia. Hapo walisikiliza. Na nilipomaliza, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza swali moja ambalo sikuwa nimeliandika popote: "Na hao wachoma mkaa unaosema waliona, nani aliwauliza?"

Kwa sababu ya swali la yule mama nimeandika upya. Hii mnayosoma ndiyo ya pili.

SAFARI YA USIKU

Tukumbushane kwanza. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Katanga ndiko kwenye shaba na madini mengine, na nyuma yake walikuwepo Wabelgiji wenye makampuni na askari wa kukodiwa. Umoja wa Mataifa ukaleta wanajeshi. Januari 1961 Patrice Lumumba akauawa huko huko Katanga. Septemba 1961 vita vikawaka kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na wale wa Tshombe.

Hapa kambini kuna mzee mmoja ambaye mwaka ule alikuwa mtoto wa miaka 9, Elisabethville, mji ambao sasa ni Lubumbashi. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Baluba, walikimbilia kwenye kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na familia yake ilikuwemo. Yaani huyu mzee amekuwa mkimbizi utotoni na amekuwa mkimbizi uzeeni. Aliniambia: "Miye nilikuwa mutoto, lakini macho nilikuwa nayo. Siku ile redio ilisema mukubwa ya UN amekufa, baba alikaa chini, hakusema kitu mpaka jioni."

Huyo mkubwa ni Dag Hammarskjöld, Mswidi, Katibu Mkuu tangu mwaka 1953. Aliamua kwenda mwenyewe kukutana na Tshombe ili wapatane kusimamisha vita. Mahali pa kukutania palikuwa Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, iliyotawaliwa na Waingereza. Ndege yake iliitwa Albertina, aina ya DC-6, yenye injini nne za mapanga. Iliondoka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, jioni ya tarehe 17 Septemba ikiwa na watu 16. Mmoja tu alikuwa mwanamke, katibu kutoka Kanada.

Haikukata moja kwa moja. Katanga kulikuwa na ndege ndogo ya jeti aina ya Fouga Magister iliyokuwa ikiwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo rubani alizunguka mbali upande wa mashariki mpaka maeneo ya Ziwa Tanganyika, ndiyo akashuka kusini. Sehemu kubwa ya njia alinyamaza kwenye redio ili asijulikane alipo. Kila nikilitazama ziwa lile ambalo sisi wengi tumelivuka kuja huku, nafikiria ndege ile kubwa ikipita gizani bila kusema kitu.

Saa 6 na dakika 10 usiku rubani aliuambia mnara wa Ndola kwamba anaona taa na anateremka. Baada ya hapo, kimya.

Sasa sikiliza maajabu. Uwanjani walikuwepo wakubwa wakingoja. Balozi wa Uingereza, Lord Alport, akasema labda Katibu Mkuu ameamua kwenda mahali pengine. Watu wakaenda kulala. Ndege ilikuwa imelala msituni, kilomita 15 hivi kutoka pale uwanjani. Ilitangazwa kupatikana saa 9 alasiri ya siku iliyofuata, masaa 15 baadaye! Magurudumu yalikuwa yameshushwa, tayari kwa kutua. Mtu mmoja alikuwa hai: Harold Julien, Mmarekani, mlinzi wa Katibu Mkuu, ameungua vibaya na amelala juani kutwa. Alipelekwa hospitali ya Ndola, akaongea, akataja mlipuko na cheche angani. Baada ya siku chache akafa. Maneno yake yakahesabiwa kuwa ni ya mgonjwa anayeweweseka.

WALIOKUWA MACHO USIKU ULE

Wengi wetu hapa tunajua kazi ya mkaa. Ukishapanga magogo na kuyafunika kwa majani na udongo, hulali. Tanuri likitoboka usiku, hewa ikaingia, asubuhi unakuta majivu. Lazima mtu akae macho, aangalie moshi, azibe tundu. Basi katika msitu ule wa Ndola walikuwepo wachoma mkaa, na kwenye makazi ya Waafrika kando ya mji walikuwepo watu waliokaa nje wakipiga soga.

Baadhi yao walisema hivi: tuliona ndege kubwa ikizunguka. Tuliona nyingine ndogo, yenye mwendo mkali, juu yake au nyuma yake. Tuliona mwanga kama moto ukitoka kwenye ile ndogo kwenda kwenye kubwa. Kisha kubwa ikaanguka. Wengine walisema asubuhi na mapema tayari waliona polisi na askari pale msituni, muda mrefu kabla ya hiyo saa 9 iliyotangazwa.

Angalia sasa. Ukitaka shahidi wa jambo la usiku, utampata wapi bora kuliko mtu ambaye kazi yake ni kukesha na kuangalia moto? Lakini ulikuwa ni mwaka 1961, Rhodesia, na wachoma mkaa ni Waafrika maskini. Tume ya serikali ya Rhodesia ilimaliza kazi Februari 1962. Ushahidi wa ndege ya pili ikauweka kando, ikasema ni kosa la rubani: ameshuka chini mno, amegonga miti. Wengine waliokuwa wameona hawakwenda kabisa kusema. Waliogopa. Nani hapa hajui hofu ya namna hiyo, ya kuwa wewe ndiye uliyeona?

Tume ya Umoja wa Mataifa nayo ikatoa ripoti yake Aprili 1962. Yenyewe haikukubali kufunga mlango. Ilisema haiwezi kuthibitisha kosa la rubani, na haiwezi kuondoa uwezekano wa hujuma au shambulio. Mwaka huo huo Baraza Kuu likamwomba Katibu Mkuu alijulishe kama ushahidi mpya ukipatikana. Mstari mmoja tu kwenye karatasi. Ukakaa hapo miaka 50.

WALIOKWENDA KUULIZA

Mtu wa kwanza ni Göran Björkdahl, Mswidi aliyekuwa akifanya kazi za maendeleo Afrika. Baba yake alifanya kazi Zambia miaka ya 1970 na alihifadhi kipande cha bati la ile ndege, kina matundu madogo. Mtoto akataka kujua matundu yale ni ya nini. Hakuanzia kwa wakubwa. Alikwenda Ndola, akawatafuta wazee waliokuwa vijana usiku ule, akakaa nao, akaandika. Kazi hiyo ilimchukua kama miaka mitatu.

Wa pili ni Susan Williams, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha London. Yeye alichimba kwenye makaratasi ya kumbukumbu nchi mbalimbali, na mwaka 2011 akatoa kitabu kinachouliza nani alimwua Hammarskjöld. Kitabu hakikumtaja mwuaji. Kilipanga tu mambo yote mezani, na maneno ya Waafrika wa Ndola yakawekwa pamoja na maneno ya mabalozi na marubani. Kwa mfano, humo yumo Charles Southall, afisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa akifanya kazi kisiwani Cyprus usiku ule. Alisema alisikilizishwa sauti iliyonaswa ya rubani akishambulia ndege. Ni mtu mwingine kabisa, mbali kabisa, hajuani na wachoma mkaa.

Hapo ndipo kitabu kilipata watu wa kukisikiliza. Iliundwa kamati ya kujitolea, nayo ikawaita majaji na wanasheria wanne kutoka Uingereza, Afrika Kusini, Uswidi na Uholanzi, wakiongozwa na Sir Stephen Sedley. Mwaka 2013 wakasema: ushahidi mpya upo, na Umoja wa Mataifa una sababu ya kufungua tena uchunguzi. Ule mstari wa 1962, kumbe ulikuwa mlango. Wakaupitia.

Ndiyo mwaka 2015 tukafika kwa Jaji Othman wa kwenye karatasi yangu ya karanga. Yeye na wenzake wawili walikwenda Zambia, wakawasikiliza wazee waliokuwa bado hai. Mwaka 2017 aliandika kwamba inaonekana yawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilikuwa chanzo cha ajali. Ametoa ripoti nyingine 2019, 2022 na 2024. Kila mara anarudia jambo moja: kuna nchi chache zenye habari muhimu kwenye makabati yao ya siri na hazijazitoa zote. Miongoni mwa alizozitaja ni Marekani, Uingereza na Afrika Kusini.

TUSIONGEZE CHUMVI

Mimi ni mwalimu, siwezi kuwadanganya. Haijathibitishwa kwamba ndege ile ilipigwa. Wanaosema ilikuwa ajali nao wana hoja. Ilikuwa usiku, marubani walikuwa wamechoka, uwanja hawakuuzoea, na kushuka chini kidogo tu kuliko inavyotakiwa kunatosha kugonga miti. Tena wanauliza, ile Fouga ingetoka Katanga usiku mpaka Ndola na kuipata ndege nyingine gizani? Wapo wanaojibu kwamba Katanga ilikuwa na ndege nyingine pia. Na kumbukumbu ya mzee baada ya miaka 50 huchanganyika na aliyoyasikia kwa wenzake. Hayo yote ni kweli.

Lakini ndiyo hasa sababu ya kumwuliza mtu mapema. Laiti wangeulizwa wote wiki ile ile, kila mmoja peke yake, bila vitisho, leo tungejua mengi. Kuchelewa kwao hakukutoka kwao.

Nilijaribu jambo hili darasani. Asubuhi moja ndoo zilianguka bombani, watu wakagombana, na wanafunzi wangu wengi walikuwa pale. Kesho yake nikawaambia wachore safu tatu kwenye daftari: NILICHOONA, NILICHOSIKIA, NINACHODHANI. Ajabu! Kwanza wote walijaza safu ya tatu. Wote walijua nani ana kosa. Safu ya kwanza ilikuwa na mistari miwili mitatu tu. Msichana mmoja mpole, ambaye huwa hanyooshi mkono, aliandika: "Niliona mpini wa ndoo umekatika kabla haijaanguka." Hakuna mwingine aliyeona hilo. Nusu ya ugomvi iliisha kwa sentensi yake. Nami nusura nisiisome, kwa sababu daftari lake lilikuwa chini kabisa ya mengine.

NA SISI WENYEWE JE?

Sasa nitasema la nyumbani kwangu, ndiyo nimalize. Mwaka 2011 baba yangu alitoka asubuhi kwenda shamba na hakurudi. Tulimtafuta upande wa barabara kubwa kwa siku nne. Watoto wawili waliokuwa wanachunga mbuzi walisema walimwona akitembea na wanaume watatu kuelekea mtoni. Watu wazima wakasema, "Hao ni watoto, wanajua nini?" Hakuna aliyeenda mtoni mpaka siku ya tano, na mvua ilikuwa imenyesha. Mpaka leo hatujui.

Nilikuwa naisoma habari ya Ndola nikiwakasirikia wale wakubwa wa Rhodesia. Nilikasirika mno, bwana, mpaka usiku mmoja nikakumbuka wale watoto wa mbuzi. Kumbe na sisi tulifanya vile vile. Haikuwa serikali, haikuwa wazungu. Ni sisi, wajomba na mashangazi, na mimi mwenyewe nilikuwepo, nikanyamaza.

Mwaka huu nilipata namba ya simu ya mmoja wao. Ni kijana sasa, yuko nchi nyingine. Nilimwomba aniambie alichoona, alichosikia na anachodhani, kila kimoja peke yake. Aliongea dakika 20, nami niliandika. Halikutoka jibu la kumrudisha baba. Ila alipomaliza alisema, "Kaka, tangu siku ile wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Mama nilimsomea yale maandishi. Aliomba nimsomee mara ya pili, kisha akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Watu wengi wanaamini kwamba jambo likiwa fumbo ni kwa sababu hakuna aliyeliona. Ndola inatufundisha tofauti. Walioona walikuwepo, walikuwa macho, wanajua moto. Walikosa mtu wa kukaa nao kwenye mkeka na kusema: haya mzee, tuanzie mwanzo.

Hapa kambini tuna wazee walioona 1961, wapo walioona 1964, na tuna kina mama walioona 1996 na 1998. Kila mwezi tunawazika, na kila tukimzika mmoja tunazika na alichoona. Kwa hiyo natoa ombi. Kila Jumamosi saa 9 alasiri, kuanzia wiki ijayo, nitakuwa darasa la tano na daftari na kalamu. Mlete babu, mlete bibi. Mtoto akija peke yake naye akaribishwe, nimeshajifunza adabu. Asiyetaka jina lake liandikwe, halitaandikwa. Asiyetaka maneno yake yasomwe na mtu, atapewa karatasi yake aende nayo. Nitauliza maswali yale yale matatu, na sitaongeza chumvi.

Na yule mama wa foleni aliyebeba mtoto, kama unasoma hapa au unasomewa: asante. Swali lako ndilo lililoniandikisha. Sijakuuliza jina, samahani. Njoo Jumamosi, na wewe nikuulize.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.